Uzi: Je, ni haki kupiga mishale kwenye vikosi vilivyokwisha kushikana?

Mlinda_Ngome

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote wasomao. Nafungua uzi huu kwa sababu Jumapili iliyopita tuliagana kwa kununiana, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tuanze kukutana hapa Kizingo, Mombasa, na kila nikifikiri naona kwamba chanzo si mchezaji yeyote bali ni mstari mmoja wa kanuni ambao sote tuliukubali siku ya kwanza bila kuuliza.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni watu saba tunaocheza vita vya kihistoria mezani kwa visanamu vya milimita 28, dadu za kawaida na tepu ya fundi cherehani. Kanuni zetu tumeziokota huku na huku tukazifasiri wenyewe, lakini katika jambo hili zinafanana na nyingi zinazochezwa kwingineko: kikosi kikigusana na cha adui, viwili hivyo huhesabiwa kuwa vimeshikana, na kuanzia hapo hakuna mpiga mishale wala mpiga bunduki anayeruhusiwa kulenga kimojawapo mpaka pambano liishe.

Jumapili nilikuwa na wapiga mishale 24 juu ya kilima, na chini yao wapiga mikuki 16. Mpinzani wangu alikuwa na wapanda farasi 12 wenye deraya. Alikaa nje ya masafa ya pinde zangu zamu mbili, kisha akavamia kwa mwendo mmoja wa inchi 16, akapinda, na farasi mmoja tu wa pembeni akagusa mkuki mmoja wa pembeni. Mmoja kwa mmoja. Farasi 11 waliobaki walisimama mahali peupe, inchi tisa kutoka kwenye pinde 24, hapana mti wala ukuta wa kuwasitiri, na kanuni ikasema hawapigiki. Wapiga mishale wangu walikaa zamu nne kama abiria wa Likoni wanaoitazama feri ikiwa ng'ambo.

Sisemi nimeonewa na mtu, maana mwenzangu hakuvunja lolote. Ninachouliza ni kama kanuni yenyewe ina haki, na kama haina, tuweke nini mahali pake bila kuharibu mchezo upande mwingine.

Kete_64

Mpinzani anayetajwa ni mimi, kwa hiyo niruhusuni nijitetee kabla sijahukumiwa.

Ndugu Mlinda Ngome ameeleza yote kwa uaminifu isipokuwa jambo moja, nalo ni kwamba mbinu hiyo mimi niliisoma kwake. Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, alikigusisha kikosi chake na changu pembe kwa pembe, hivi hivi, na warusha kombeo wangu wakakaa na mawe mkononi mpaka daku. Siku ile hakufungua uzi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Baada ya utani huo, hoja yangu ni hii. Wale tulioanza mapema tunakumbuka kwamba zamani tuliruhusu kupiga kwenye vikosi vilivyoshikana, na mishale iliyopata tuliigawa nusu kwa nusu kati ya rafiki na adui. Ilionekana ni haki kabisa. Matokeo yake ni kwamba kila mmoja alinunua wakulima 20 wa pointi nne nne (pointi ndiyo bei ya kila askari mchezoni), wasio na deraya wala ujuzi, akawatupa mbele ya farasi wa pointi 20, kisha akamimina mishale juu ya wote. Mvuvi akipoteza chambo hahesabu kuwa ni hasara. Meza ikageuka kuwa ngalawa, na hapakuwa tena na jemadari bali wavuvi saba wakitegana.

Katazo lina kasoro, nakiri, lakini kasoro yake inajulikana na inatugusa sote sawasawa. Katika bao kila mmoja huanza na kete 32, na hakuna anayelalamika kwamba nyumba ina masharti ya ajabu, kwa sababu masharti hayo yanamfunga na mwenzake. Haki ya mchezo, kwa maoni yangu, ni sheria kuwa moja kwa wote wawili, hata kama sheria hiyo si picha kamili ya vita.

Mgeni_wa_Mtwapa

Naomba radhi, mimi nimehudhuria mara mbili tu na huenda swali langu ni la kitoto. Nikiinama juu ya meza naona wazi yupi ni adui na yupi ni wangu, kwa kuwa nimewapaka rangi mwenyewe. Kwa nini mpiga mishale aliye juu ya kilima asiweze kuchagua?

Chaki_na_Ubao

Marahaba kwa wote mlioniamkia kwenye ujumbe wa faragha, na karibu sana mgeni. Swali lako si la kitoto, ndilo swali lenyewe. Jibu fupi ni kwamba wewe unatazama kwa jicho la kipanga, ilhali mpiga mishale anatazama kwa jicho la mtu aliyesimama nyuma ya migongo ya wenzake, kwenye vumbi, akilenga watu wanaosukumana na kubadilishana nafasi kila pumzi. Kile kisanamu kimoja unachokiona kimesimama wima na rangi yake safi kinawakilisha labda watu 20.

Nimefundisha historia miaka mingi na nimestaafu, kwa hiyo mtanistahimilia nikirefusha, maana mambo haya yana ushahidi na hatuhitaji kubahatisha.

Tuanze na Falkirk, tarehe 22 Julai 1298. Waskoti wa William Wallace walijipanga katika mizunguko minene ya mikuki mirefu. Wapanda farasi wa Mfalme Edward I wa Uingereza waliwatawanya wapiga mishale wa Kiskoti, lakini walipoivaa mikuki walishindwa kupenya. Sasa tazameni alichofanya mfalme. Hakuwaamuru wapiga mishale wake wapige huku farasi wake wakiwa wamenasa humo. Aliwarudisha farasi nyuma kwanza, ndipo akafungulia mishale juu ya watu ambao hawakuweza kukimbia wala kushambulia, na mizunguko ilipochanika farasi wakaingia tena. Katika lugha ya meza yetu, alilipa zamu nzima ili kuvitenganisha vikosi.

Miaka 16 baadaye, Juni 1314, Waingereza hao hao walikuwa Bannockburn, wamebanwa mahali pafinyu, farasi mbele na wengi wa wapiga mishale nyuma. Mwandishi wa historia Geoffrey le Baker, aliyeandika miongo kadhaa baada ya vita, anasimulia kwamba waliopiga juu mishale yao iliangukia kofia za chuma bila faida, na waliopiga moja kwa moja waliwajeruhi Waskoti wachache vifuani na Waingereza wengi migongoni. Hata tukimpunguzia chumvi, picha ni ileile: mshale unaotoka nyuma humkuta mwenzako kabla ya adui, na humkuta upande ambao hakuinua ngao.

Na Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, wapiga mishale wa Henry V waliwapiga Wafaransa walipokuwa wanakuja kwenye matope, lakini waliposhikana na mashujaa wenye deraya wengi wao waliweka pinde chini, wakachukua panga, shoka na nyundo walizopigilia vigingi, wakaingia ubavuni kwa mkono. Hao ndio waliokuwa hodari wa upinde kuliko wote wa zama zao, na wakati wa kushikana walichagua nyundo.

Kwa hiyo katazo lina mizizi, na aliyelitunga hakuwa mvivu. Hata hivyo kuna upande wa pili. Arrian, aliyekuwa gavana wa Kirumi huko Kapadokia, alituachia mpangilio wa jeshi lake dhidi ya wapanda farasi wa Waalani, mnamo mwaka 135 hivi. Aliwapanga askari wa miguu safu nane: za mbele zikizuia farasi kwa mikuki mizito, za nyuma zikirusha mikuki myepesi juu ya vichwa vya wenzao, safu ya tisa wakawa wapiga mishale wa miguu, na nyuma yao wapiga mishale wa farasi, wote wakipiga kwa kupitisha juu. Mtu huyu alikuwa jemadari, na alipanga kwa makusudi kwamba silaha za kurushwa ziendelee kuanguka huku safu za mbele zimekabana na adui. Lakini angalieni zilikokusudiwa kuanguka: si pale mikuki ilipogusana, bali nyuma yake, kwenye kundi la farasi linalosukuma. Vivyo hivyo kwenye mto Hydaspes mwaka 326 KK, askari wepesi wa Alexander waliwarushia mikuki ndovu na waendeshaji wao hali phalanksi, yaani safu nene za mikuki mirefu, ikiwa imekabiliana nao, kwa sababu ndovu ni shabaha inayosimama juu ya vichwa vya watu.

Mimi nasema hivi: kinachokosewa katika kanuni yetu ni kukihesabu kikosi kizima kuwa kimeshikana kwa sababu ya kidole kimoja. Watu walioshikana ni wale wa mbele. Walio nyuma yao hatua 50 hawajashikana na yeyote, na Arrian angewapiga bila kusita.

Nahodha_wa_Mtepe

Shikamoo Mwalimu, nimefaidika. Mimi hucheza zama za baruti, na naomba tusitunge kanuni moja kwa zama zote, kwa kuwa risasi si mshale. Mshale unaweza kupandishwa ukashuka. Risasi ya gobori hupita usawa wa kifua, na aliyesimama mbele ni wako.

Kuna kisa ambacho kila mchezaji wa zama zangu hukitaja. Tarehe 15 Machi 1781, huko Guilford Courthouse katika vita vya uhuru wa Marekani, walinzi wa Kiingereza na askari wa Kimarekani walichanganyika kwa singe na vitako vya bunduki, na inasimuliwa kwamba Jenerali Cornwallis wa Waingereza aliamuru mizinga ipige vipande vya risasi katikati ya wote. Simulizi hiyo inatokana na kumbukumbu za Henry Lee, ofisa wa upande wa pili, na baadhi ya wanahistoria wanaitilia shaka. Lakini hata kama ni kweli, zingatieni mambo mawili. Kwanza, imekumbukwa zaidi ya miaka 200 kwa sababu ilikuwa kitendo cha kutisha, si desturi. Pili, matokeo yanayosimuliwa si kwamba adui alikufa zaidi, bali kwamba pande zote mbili ziliachana. Cornwallis alibaki na uwanja, ila jeshi lake dogo lilikuwa limepoteza zaidi ya robo ya watu wake siku hiyo.

Halafu kuna moshi. Jioni ya tarehe 5 Julai 1809, huko Wagram, Wasaksoni waliokuwa upande wa Napoleon walipigwa na wenzao kwa sababu sare zao zilikuwa nyeupe kama za Waaustria. Hao hata hawakuwa wameshikana na mtu. Kama watu huuana kwa rangi ya koti wakiwa mbali, sioni kwa nini nimruhusu mchezaji achague shabaha ndani ya fujo.

Isitoshe, katika zama zangu kushikana kwenyewe kulikuwa nadra. Mara nyingi upande mmoja hukimbia kabla singe hazijagusana. Ndiyo maana napendelea kanuni ambamo pambano linaamuliwa zamu ileile, aliyeshindwa anarudi nyuma, na zamu inayofuata hakuna vikosi vilivyoganda. Hapo swali la kupiga ndani halizuki kabisa. Zamu nne za kushikana, ndugu zangu, hizo ni zenu ninyi wa deraya.

Hesabu_za_Bandari

Nimewasoma wote kwa heshima, kaka zangu na Mwalimu wetu, lakini naona mnabishana kuhusu kuruhusu au kukataza, ilhali tatizo alilolieleza Kete 64 halitokani na ruhusa. Linatokana na mgawanyo. Kazi yangu ni kukagua hesabu za mizigo, kwa hiyo nilikaa usiku mmoja na kalamu.

Chukueni wapiga mishale 10 wanaohitaji 4 au zaidi kwenye dadu ili wapate. Kwa wastani mishale mitano inapata. Mgawanyo wa zamani, nusu kwa nusu, unawapa wakulima miwili na nusu na farasi miwili na nusu. Mkulima hana deraya, basi wanakufa wawili na nusu, ambao ni pointi 10. Mpanda farasi anaokoka akipata 3 au zaidi, yaani theluthi moja tu ya mishale inampata sawasawa, basi anakufa 0.83 ya farasi, ambayo ni karibu pointi 17. Kila mnyesho wa mishale mwenye wakulima anapata faida ya pointi saba kwa kuwaua watu wake mwenyewe. Hapo kila mtu mwenye akili lazima awe mvuvi.

Sasa badilisheni jambo moja tu. Mishale igawanywe kwa idadi ya waliopo. Wakulima ni 20 na farasi ni sita, jumla 26. Katika ile mishale mitano, karibu 3.85 inaangukia wakulima na 1.15 inaangukia farasi. Wakulima wanapoteza pointi 15 na zaidi kidogo, farasi wanapoteza chini ya nane. Mwenye chambo anapata hasara ya kama pointi nane kila anapopiga, na kadiri anavyoongeza chambo ndivyo anavyozidi kuumia. Hatukuhitaji katazo. Tulihitaji kugawa kama mshale unavyogawa, maana mshale haujui bei ya mtu.

Nikaijaribu na Jumapili yenyewe. Wapiga mishale 24, inapata 12. Wapiga mikuki 16 na farasi 12, jumla 28. Karibu saba inaangukia wapiga mikuki, ambao huokoka kwa 5 na 6 tu. Wanakufa wanne na nusu, pointi 27. Mitano na kitu inaangukia farasi. Anakufa mmoja na robo tatu, pointi 34. Kwa pointi, Mlinda Ngome ana faida ndogo. Lakini amepoteza zaidi ya robo ya wapiga mikuki wake katika zamu moja, na robo ikipotea sote tunajua kinachofuata: jaribio la ari, yaani dadu ya kuona kama kikosi kitasimama au kitakimbia, tena mbele ya farasi wenye deraya.

Kwa hiyo namuuliza aliyefungua uzi: ungepiga?

Mlinda_Ngome

Dada, swali lako limenikalia siku mbili.

Zamu ya kwanza nisingepiga. Wapiga mikuki walikuwa wazima na niliamini watasimama. Zamu ya tatu, walipobaki tisa na ikawa dhahiri kwamba watavunjika tu, ningepiga, na ningepiga nikijua ninachofanya. Naona sasa kilichoniudhi. Sikukasirika kwa kunyimwa farasi 11. Nilikasirika kwa kunyimwa uamuzi. Kanuni ilinipokonya jambo ambalo ni la jemadari hasa, yaani kupima kama watu wale bado wanafaa kuokolewa, ikalifanya kuwa jambo la tepu na pembe.

Na kuhusu Ramadhani, Kete 64 amesema kweli. Siku ile niliona ni ujanja. Nimeandika hapa ili isemwe kwamba nimekiri hadharani.

Kete_64

Nimepokea, na yamekwisha.

Hesabu za dada yetu zimeniyumbisha, siwezi kukataa, hasa pale faida ya chambo inapogeuka kuwa hasara kwa badiliko moja tu. Ila bado nina mapingamizi mawili, na naomba yasichukuliwe kuwa ya ukaidi.

La kwanza ni kwamba pointi si roho ya askari. Wakulima wakiona mishale inatoka nyuma, kwa wenzao, hawatakaa wakihesabu kama wamekufa robo. Watakimbia palepale, au watawageukia waliowapiga. Kwa hiyo nataka kila mnyesho wa mishale kwenye pambano ulete jaribio la ari kwa kikosi rafiki hata kama amekufa mmoja, tena kwa adhabu ya alama moja. Na wapiga mishale wenyewe wajaribiwe kama watatii amri. Mtu anayeambiwa apige mahali alipo ndugu yake si lazima apige.

La pili ni lile la pembe kwa pembe, ambalo hesabu ya 28 haikuligusa. Kama farasi 11 wamesimama peupe na wapiga mikuki 15 wamesimama mbali nao, kugawa mishale kwa wote 28 ni kuwaadhibu watu ambao hawapo kwenye fujo. Nalisema hili ingawa linaniumiza mimi, kwa kuwa farasi walikuwa wangu.

Chaki_na_Ubao

Hapo umenena, na ndiko nilikotaka tufike na Arrian. Tupime kutoka pale vilipogusana. Waliomo ndani ya inchi tatu, wa pande zote mbili, ndio walioshikana, na mshale ukilengwa huko ugawanywe kwa idadi yao kama alivyoonyesha Hesabu za Bandari. Walio nje ya inchi tatu na wanaoonekana bila kupitisha mshale juu ya rafiki wapigwe kama kikosi chochote. Akiwapo rafiki katikati, wapigwe kwa kutolewa alama moja, mradi mpigaji yuko juu kuliko huyo rafiki. Kwa bunduki, nakubaliana na Nahodha, kupitisha juu ya rafiki kusiwepo.

Mtasema inchi tatu nimezitoa wapi. Nimezitoa kwenye urefu wa kidole changu, na mkipata sababu ya inchi nne nitawasikiliza.

Kuhusu kuwa juu, nitaongeza jambo la nyumbani, kwa kuwa mwaka jana mlijaribu kucheza shambulio la Wareno la Agosti 1505 mkaishia njiani. Francisco de Almeida alipoingia Mombasa, watu wa mji waliwapokea Wareno kwa mishale na mawe kutoka juu ya nyumba, katika vichochoro vyembamba. Aliyewahi kutembea Mji wa Kale mchana anajua kichochoro cha aina hiyo kina upana gani. Hapo anayepiga kutoka darini anamwona Mreno utosini, na mwenzake aliye chini anajua jiwe linatoka wapi. Kwa mchezo ule ningeruhusu darini kupiga kwenye pambano, na mgawanyo uwe robo moja kwa rafiki, si kwa idadi. Mlipoishia njiani, kama nakumbuka vizuri, ni kwa sababu mlitumia katazo, na wenyeji wote waliokuwa darini wakawa watazamaji wa vita vya mji wao.

Nahodha_wa_Mtepe

Ni kweli, na mimi nilikuwa Mreno siku hiyo. Ulikuwa ushindi mwepesi ambao haukunifurahisha. Nilifika ikulu kabla kahawa haijapoa.

Jaribio la wapiga mishale kutii amri silipendi, lakini. Kanuni zinazoongeza dadu kila hatua huishia kuchezwa na dadu zenyewe. Jaribio la ari kwa waliopigwa linatosha. Aibu ya mpigaji imo humo tayari.

Mgeni_wa_Mtwapa

Nimeelewa mengi, asanteni. Ila kuna jambo dogo: katika mgawanyo huu, nani anapiga dadu zinazoonyesha ni mshale upi umemwangukia nani? Katika mchezo wangu wa pili niliona watu wakibishana hata kuhusu dadu iliyosimama upande.

Hesabu_za_Bandari

Si dogo hata kidogo, mdogo wangu. Apige mwenye wapiga mishale zile za kupata, kisha mpinzani wake apige za mgawanyo, mbele ya macho ya wote. Wakiwa karibu sawa idadi, dadu moja kwa kila mshale, 1 hadi 3 rafiki, 4 hadi 6 adui. Wakizidiana mara mbili, 1 hadi 4 kwa walio wengi. Wakizidiana mara tano, 1 hadi 5. Haifikii hesabu yangu ya desimali, lakini haihitaji karatasi, na tofauti ni ndogo kuliko ile inayoletwa na dadu iliyosimama upande.

Mlinda_Ngome

Basi tuijaribu kabla hatujaiandika. Napendekeza Falkirk, Jumapili baada ya Alasiri, tuicheze mara mbili: mara ya kwanza kwa katazo la sasa, mara ya pili kwa inchi tatu, mgawanyo wa idadi na jaribio la ari bila lile la kutii amri. Visanamu vya mikuki vipo vya kutosha tukikusanya vya wote. Mimi nitachukua Waingereza, kwa kuwa ndiye niliyelalamika.

Kete_64

Nitachukua Waskoti, kwa sharti moja. Farasi wako wakinasa kwenye mikuki yangu, pasiwe na kanuni inayokulazimisha kuwarudisha nyuma kabla ya kupiga mishale. Uwe huru kuwapiga wote kwa pamoja. Ukiwarudisha kwa hiari yako kama Edward, nitakubali kwamba kanuni mpya inafaa, nami mwenyewe nitalifuta katazo kwenye daftari. Ukiwapiga farasi wako mwenyewe na ukashinda, katazo linabaki na mahamri ya jioni unalipa wewe.

Mlinda_Ngome

Nimekubali. Wapiga mishale nitaleta wale wale 24.